Presha ya Koko

Hapa Nyarugusu habari za afya ya wazee hazikosekani, zinakuja hata kwenye foleni ya mgao. Shida ni kujua ipi ya kushika. Koko wangu wa Fizi, miaka 74, jirani alimsikilizisha sauti ya WhatsApp: eti kitunguu saumu kinaponyesha presha, vidonge vinaua figo. Akaficha vidonge chini ya mkeka. "Mimi mzima, mjukuu." Hapo ndipo penye hatari: presha mara nyingi haiumi, mpaka siku kiharusi kinamwangusha mtu.

Sikubishana. Tulirudia ile sauti pamoja mpaka mwisho, na mwisho kulikuwa na bei ya chupa! Koko akacheka, akakubali twende zahanati. 172 kwa 98. Nesi akamweleza pole pole kwamba presha yenyewe ndiyo inaharibu figo, na kidonge ni cha kila siku hata ukijisikia mzima. Koko akauliza maswali nusu saa. (Ninyi mnaotugawia karatasi za afya, mjue koko hasomi. Anauliza.)

Sasa anameza kila asubuhi. Kitunguu saumu bado anatia kwenye sombe, nesi hakukataza. Chumvi ndiyo wanaigombania mpaka leo.