Karamu ya Walima Majengo, Pumwani

Mtu wa pwani anayezuru mitaa ya Mashariki ya Nairobi hukutana na majina ya kwao: Majengo, Kaloleni, Pangani. Serikali ya kikoloni ilipoitenga Pumwani kuwa makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, waliohamia humo walitoka katika vijiji vya awali vya mji huo, kimojawapo kikiitwa Mombasa, na wengi wao walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili. Basi tulipoalikwa karamu ya walima huko Majengo, tulidhani twaenda kwa jamaa tu.

Kwetu, katika ukumbi wa kina mama, mshereheshaji huwakaribisha wageni kwa koo: upande wa bwana, upande wa bibi, mashangazi, makungwi. Hapa walikaa Wanubi, Wasomali, Wakamba na Waluhya, na miongoni mwao Wakristo, majirani wa ploti waliokesha wakimenya vitunguu vya pilau. Mshereheshaji, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitoa salamu, akaomba dua fupi, kisha akaanza kuwataja hao majirani, mlango kwa mlango. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliguna. Sisi tuliona ni haki. Nabii Ibrahim aliwaandalia ndama wageni asiowajua, sembuse mtu aliyekesha jikoni mwako?

Lakini jambo zito lilikuwa simu. Bibi harusi yu nyuma ya pazia, wanawake wamekwisha kuvua mabuibui, na picha moja ikitoka nje ya ukumbi hairudi tena. Utamkaribishaje mgeni na kumkataza kwa pumzi moja? Pwani siku hizi twabandika tangazo mlangoni, na atakayekiuka hukemewa mbele ya watu, hata karamu ikaingia shubiri.

Yeye alisema, “Dada zangu, mwenzetu anawavulia buibui kwa kuwaamini. Hiyo ni amana. Tumtunzieni mikobani.” Majirani ndio waliotangulia kufunga mikoba yao.

Aliyeinua simu pazia lilipotikisika alikuwa binti wa nyumbani, tena amejifunga mtandio barabara. Duffu likanyamaza. Tuliinamisha macho, tukingojea aibu imshukie. Mshereheshaji hakumtaja. Aliweka kipaza sauti chini, akamwendea na chetezo kinachofuka, akamwambia taratibu, “Mwanangu, nishikie hiki, kwa mikono miwili, kina moto.”

Vigelegele vikapaa, bibi harusi akaingia na asumini zake. Binti yule alipita safu kwa safu akiwafukiza wageni nguo, uso ukimkunjuka kidogo kidogo. Alipofika kwa mama mmoja wa Kikamba, aliulizwa udi wa namna ile huuzwa wapi.

“Eastleigh,” akajibu. “Nitakupeleka Jumamosi.”