Mpini wa Baba

Kuna duka la vifaa vya uvuvi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka ninapoishi hapa Texas, ambalo ukiingia unakuta fimbo za kuvulia zimesimamishwa ukutani kwa mamia, kama shamba la mahindi yaliyokauka. Siku moja nilikaa humo karibu saa mbili nikishika mipini. Nashika huu, naurudisha, nashika ule. Sikutaka kuagiza mtandaoni kwa sababu mpini hauchaguliwi kwa macho. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa najua na mengine mengi kuhusu mipini, na bado nilikosea.

Nianze na samaki mwenyewe. Anaitwa besi, yule mwenye mdomo mkubwa hadi pembe yake inapita nyuma ya jicho. Huku Marekani besi ni kama mpira wa miguu kwetu: ana mashindano yake, magazeti yake, wazee wake wa kubishana vibarazani. Mimi nimezaliwa Naivasha, na besi alifika Naivasha kabla ya ukoo wetu. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, enzi za ukoloni, ili wenye nafasi wapate samaki wa kupigana naye kwa fimbo. Miaka mitatu baadaye, 1932, kijana mkulima wa Georgia aitwaye George Perry alivua besi wa ratili 22 na ushei, yaani kilo 10 na kidogo. Rekodi hiyo bado imesimama, ingawa mwaka 2009 kuna aliyeifikia huko Japani. Husimuliwa kwamba Perry na mwenzake walikuwa na fimbo moja tu, wakipokezana, na kwamba samaki mwenyewe aliishia mezani, akaliwa na familia.

Kwa hiyo mimi na besi tumepishana njiani. Yeye alitoka huku akaenda kwetu, mimi nimetoka kwetu nikaja huku.

Baba alikuwa mwendesha boti. Alipeleka wageni wa hoteli ziwani alfajiri, kabla upepo haujaamka, akawaonyesha besi wanakojificha kwenye kingo za mafunjo, na akawaepusha na viboko. Hakuwa na fimbo yake. Alikuwa akishika za wageni: kuzibeba, kufungua uzi uliojisokota, kurusha mara moja kumwonyesha mtu namna. Mpaka mgeni mmoja alipoondoka akamwachia fimbo yake nzee, mwili wa fiberi rangi ya asali na mpini wa gome, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Baba aliitundika juu darini. Watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Mimi niliigusa, bila shaka. Nilipanda kiti nikashika mpini, na ninachokumbuka ni kwamba ulikuwa na joto, kana kwamba kuna mtu ameushika sasa hivi akaenda nje.

Fimbo ile iliibiwa nikiwa darasa la saba. Baba hakuizungumzia tena.

Mwaka 2021 Baba alipata kiharusi. Mguu ulirudi baada ya miezi kadhaa, maneno yakarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki nyuma. Mama alinieleza kwa simu kwamba mkono "uko, lakini hausikii vizuri". Mimi nilisikia neno "uko" nikashukuru Mungu. Nusu ya pili ya sentensi niliiacha ipite.

Nilipopanga safari ya kwenda nyumbani nikamuuliza Baba nimletee nini. Nilitegemea aseme viatu, au simu.

"Niletee fimbo ya kuvulia," akasema.

"Ya besi?"

"Kwani mimi nimewahi kuvua nini kingine?"

Ndipo nikaenda kwenye lile duka.

Msomaji ambaye hajawahi kununua fimbo ya besi aniruhusu nimweleze ninachokijua, maana siku ile nilikijua chote. Mipini ya siku hizi ni ya aina mbili kubwa. Kuna wa gome na kuna wa sponji ngumu nyeusi iitwayo EVA, jamaa wa ile iliyo ndani ya soli za raba za kukimbilia. Sponji haimeguki, husafishwa kwa maji na sabuni, na haijali kutupwa nyuma ya gari. Gome ni jepesi na halipoi mkononi asubuhi ya baridi, na likilowa bado linashikika. Lakini hubonyea, huchubuka, na la bei rahisi lina mashimo yaliyozibwa kwa unga wa gome na gundi. Ukilitumia mwaka mmoja ule unga unatoka, mpini unabaki kama umetafunwa na mende.

Gome zuri linatoka kwa mwaloni wa nchi za Bahari ya Kati, na karibu nusu ya gome lote duniani hutoka Ureno. Mti haukatwi. Unavuliwa gome kama mtu anavyovuliwa koti, kisha unaandikwa tarakimu ya mwaka kwenye shina na kuachwa miaka 9 hadi gome lingine lijijenge. Mvuno wa kwanza husubiri mti ufike kama miaka 25, na lile laini linalofaa vizibo huja mvuno wa tatu, mti ukiwa umeshapita miaka 40. Robert Hooke alipoweka kipande chembamba cha gome hili chini ya hadubini akaona vijumba vitupu kama vya sega la asali, akaviita seli. Jina hilo alilichapisha mwaka 1665, na ndilo tunalolitumia hadi leo kwa miili yetu wenyewe. Ule wepesi wote ni hewa iliyofungiwa ndani ya vijumba hivyo.

Unaona jinsi nilivyokuwa nimejiandaa.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye kofia, mpole. Aliniambia nisitikise fimbo hewani, maana dukani kila fimbo ni tamu hewani. Alifunga rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, akaniambia niweke kidole chini ya fimbo mbele yake, nione inalala upande gani. Fimbo ambayo kichwa chake kinazama itakuchosha kifundo cha mkono kabla ya saa nne asubuhi. Kisha akaniambia nifumbe macho, naye akagusa ncha ya fimbo kwa ukucha, nimwambie nikisikia. Kwa gome nilisikia. Kwa sponji nilisikia pia, labda chini kidogo, labda ni moyo tu ulikuwa umeshaamua.

"Ni yako?" akaniuliza.

"Ya baba yangu."

"Mikono yake ikoje?"

Hapo ningesimama. Nilimwambia Baba alipata kiharusi, ila anaendelea vizuri. Yule mzee hakusema kitu. Alikwenda akaleta fimbo nyingine, ya sponji, mpini wake mnene kama mhindi uliokomaa. "Mkono dhaifu unapenda kitu kinene," akasema.

Sasa nikuambie kazi yangu. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila siku saa za kula natoa kwenye droo vijiko vyenye mipini minene ya sponji, kwa ajili ya wazee ambao vidole vyao havikutani tena. Nimewawekea watu vijiko hivyo mikononi kwa miaka. Kijiko chembamba kinamtoka mtu, kinaanguka, anaona haya, anasema hana njaa. Kinene kinakaa, naye anakula. Hakuna mtu dukani mle aliyelijua jambo hilo kuliko mimi.

Nilipoushika ule mpini mnene nilikitambua kile kijiko mara moja. Ndiyo maana niliurudisha haraka. Nikamwambia mzee, asante, nitachukua wa gome. Ilikuwa fimbo ya futi sita na nusu, vipande viwili ili iingie kwenye bomba la plastiki la safari, mpini mwembamba, gome safi lisilo na shimo hata moja. Nililipa pesa ambazo sikumwambia mke wangu hadi leo.

Naivasha nilikuta ziwa limepanda. Maji ya 2020, yaliyofukuza watu wa Kihoto majumbani mwao, yalikuwa yamebadilisha ukingo wote, na mahali Baba alipokuwa anafunga boti sikupaona tena. Wavuvi waliniambia nyavu siku hizi zinaleta kapu na tilapia zaidi, besi ni wa bahati. Baba alisikiliza habari hizo kama mtu anayesikia mtoto wake amehamia mji mwingine.

Nilimkabidhi fimbo sebuleni. Aliupitisha mpini puani, akanusa. Akatabasamu upande mmoja, ule unaotabasamu siku hizi. Mama alisema, "Kama ile." Nikajiona nimeshinda.

Kesho yake tuliingia ziwani na kijana mmoja mwenye boti. Baba alikaa mbele, koti la kuokolea likimfika masikioni. Aliishika fimbo kwa mkono wa kulia. Vidole vilifunga polepole, vikafika mahali vikakoma, na katikati ya kiganja na mpini palibaki nafasi ambayo ungeweza kupitisha penseli. Alijaribu kurusha. Fimbo ilizunguka mkononi mwake kama ufunguo kwenye kufuli bovu, rili ikageuka chini, chambo kikaanguka futi tatu kutoka kwenye boti. Akajaribu tena. Mara ya tatu fimbo yenyewe ilimponyoka na yule kijana akaidaka.

Baba alisema, "Jua limekuwa kali." Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi.

Tulirudi bila kuongea. Nimeshamsikia mtu akisema hana njaa mara elfu moja, nikajua maana yake. Safari hii aliyempa kijiko chembamba ni mimi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta nje, amekaa kwenye kigoda, fimbo imelala magotini. Alikuwa na tyubu ya baiskeli iliyochanwa kwa wembe kuwa ukanda mrefu. Alishikilia ncha moja kwa meno, akawa anauvuta kwa mkono wa kushoto na kuuzungusha kwenye mpini, mzunguko juu ya mzunguko, akiliziba lile gome la Ureno lote. Nilitaka kumwambia asimame. Nilitaka kumwambia bei.

"Mpini mzuri sana huu," akasema bila kuinua macho. "Sasa niambie. Ulinunulia mkono gani?"

Sikuwa na jibu. Maana jibu lilikuwa: ule wa zamani. Ule uliokuwa unarusha mara moja na chambo kinatua kwenye pengo la mafunjo dogo kama sahani. Nilikuwa nimevuka bahari na zawadi ya mtu ambaye hayupo, nikampa aliyepo.

"Nishikie hapa," akasema. Nikakaa chini nikashika ncha ya ukanda. Tukamalizia pamoja. Mpini ukawa mnene, mweusi, unanuka mpira. Alifunga vidole na safari hii vilipata kitu cha kushika.

Tulirudi ziwani jioni. Nilirusha mimi, kisha nikampa fimbo, tukawa tunapokezana hivyo. Mpini aliulaza juu ya paja, mkono wa kulia ukiukandamiza, na uzi akaupitisha juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nikamwuliza, na ule mpira wote, atasikiaje samaki akigusa?

"Mpini ni wa kushikia," akasema. "Kusikia ni kazi ya kidole."

Saa mbili nzima dukani, macho nimefumba, nikipima gome na sponji ipi inasikia zaidi. Furukombe alilia juu ya mgunga mkavu uliosimama majini. Baada ya muda Baba akasema, "Huyo," na mimi nilikuwa naangalia ncha ya fimbo, haikuwa imetikisika. Akainua. Alikuwa besi mdogo, hafiki urefu wa kiganja na nusu, mdomo wote wazi. Nilimtoa ndoano kwa sababu Baba aliniambia nimtoe. Tukamrudisha majini.

Kwa Kiswahili tunasema aliyeshika mpini ndiye mwenye nguvu, na aliyeshika makali ndiye anayekatwa. Msemo hauelezi habari za mtu aliyepewa mpini asioweza kuushika.

Ukiniuliza leo fimbo ipi ya kununua, nitakuambia bado napenda gome. Yangu ni ya gome. Lakini ikiwa unamnunulia mtu, usinionyeshe fimbo kwanza, nieleze mkono wake. Kama yuko mbali, mpigie. Mwambie ashike kikombe, akuambie vidole vinafika wapi. Ni swali la sekunde kumi. Mimi lilinishinda kwa miaka miwili, na nilikuwa nalijua jibu tangu Mama aliponiambia mkono uko, lakini hausikii vizuri.

Wiki iliyopita Baba alipiga simu. Ule mpira umeanza kulegea, anataka tyubu mpya. Nikamwuliza, ya baiskeli au ya pikipiki? Akafikiri kidogo. Akasema ya pikipiki, ni nene zaidi.