Kardani ikikwama: mafuta kwanza, nyundo baadaye



Mvua za kwanza zimenyesha na kila mwenye kipande cha shamba anatafuta trekta ya kukodi. Katika kuzunguka na kinasa-sauti changu nyuma ya kiwanja cha ndege, neno moja nimelisikia mara nyingi: kardani imekwama. Mimi si fundi. Lakini nimekaa na mafundi, nimeuliza, nimeona kwa macho, na naona jambo hili linawahusu hata wasio na trekta.

Kardani ni ule mkono wa chuma unaotoka nyuma ya trekta na kupeleka nguvu ya motere kwenye mashine: ya kukata majani na vichaka, ya kusaga udongo, ya kupukuchua mahindi. Ndani yake kuna bomba mbili, moja inaingia ndani ya nyingine, ili mkono urefuke na kufupika wakati trekta inapokata kona au kupita kwenye shimo. Kila mwisho una uma na msalaba wa chuma unaouruhusu kujikunja. Mwisho wa upande wa trekta unavaa kwenye chuma chenye meno, mara nyingi meno sita, na unafungwa kwa pini ndogo ya kusukuma.

Huku kwetu kardani inakwama kwa sababu rahisi. Kazi zikiisha mwezi wa nne, mashine inalazwa nje. Kiangazi chote vumbi jekundu linaingia kwenye grisi, grisi inakauka na kuwa ngumu. Mvua ikirudi, maji yanaongeza kutu. Siku mwenye shamba anapoihitaji, bomba haziteleze tena na pini haibonyei.

Shamba moja niliwakuta vijana wakipokezana nyundo juu ya kardani ya mashine ya kukata majani. Mmoja wao alitaka kuifunga kwa mnyororo kwenye mti na kuivuta kwa trekta. Mzee mmoja fundi alifika, akawaambia: "Batoto, muache marto. Mafuta itatumika usiku, sie tutalala."

Kwanza alizima motere na kutia ufunguo mfukoni mwake. Alisubiri hadi kila kitu kisimame kabisa. Akaweka mbao chini ya mashine ili isimwangukie mtu. Akasugua uchafu kwa brashi ya waya, kwani mafuta hayapiti kwenye tope. Kisha akamimina mafuta ya kulegeza kutu pale bomba zinapokutana na kuzunguka pini. Yakaisha, akaendelea na mazutu iliyochanganywa na mafuta kidogo ya motere. Aliyetaka kuwasha moto ili chuma kipanuke alikatazwa: kuna mazutu, kuna grisi, kuna kifuniko cha plastiki.

Asubuhi alirudia mafuta, akagonga taratibu kuzunguka uma, kipande cha mbao kikiwa kati ya nyundo na chuma. Hakugonga kamwe kuelekea trekta, kwa sababu pigo hilo linaingia ndani na kuharibu mipira inayobeba chuma cha nyuma. Huku mwingine anabonyeza pini, yeye alitikisa na kuvuta kwa unyoofu. Ikatoka. Kisha bomba mbili zikazungushwa kidogo kushoto, kidogo kulia, hadi zikaachana.

Vijana walilalamika kwamba usiku mzima umepotea. Lakini uma ukivunjika, unatafuta kipuri mjini, na ukikikosa unangoja kitoke ng'ambo ya Kasumbalesa. Mahindi hayangoji. Mbegu ikichelewa kuingia udongoni, mwisho wa mvua unaikuta haijakomaa.

Na kuna wanaosema: "Imekwama, lakini inazunguka, tufanye kazi tu." Hapana. Kardani isiyoteleza, trekta ikikata kona, inasukuma kama nguzo. Kitapasuka kitu: msalaba, uma, au sanduku la meno. Pengine mkono mzima utachomoka ukiwa unazunguka.

Kuitunza ni kazi ndogo. Baada ya kuifungua, safisha bomba zote mbili, lainisha kwa tupa palipo na ncha kali, paka grisi mpya, na uhakikishe kwa mkono kwamba zinateleza kabla ya kuifunga. Bomba iliyopinda isirudishwe kazini. Msalaba upewe grisi kila saa 8 za kazi hivi, kwa kufuata kitabu cha mashine. Ikirefuka kabisa kazini, angalau theluthi moja ya bomba ibaki ndani ya nyingine. Ukiivalisha, vuta kwa nguvu kuona kama pini imeshika. Mwisho wa msimu ivue, ipake grisi, ilaze ndani, au walau chini ya turubai.

Sasa nasema na mama zangu na dada zangu, hasa mliotoka Mitwaba, Pweto, Kasai au Kivu, ambao mnapewa kazi ya siku kwenye mashine ya kupukuchua. Wengi mlizoea jembe la mkono, na hakuna anayewaeleza kabla ya kuwaweka pale. Kardani ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Yenye unene wa sentimeta 7 inakunja karibu mita 2 za kitambaa katika sekunde hiyo. Hiyo ni kikwembe chako chote, kabla hujapiga kelele. Kwa hiyo usiiruke, usipite karibu nayo, usifunge kikwembe wala mtoto mgongoni ukiwa pale. Na kifuniko chake cha plastiki kikiwa kimevunjika, una haki ya kusema: sikaribii hadi kifungwe kingine. Mwenye mashine asikasirike. Kifuniko kina bei. Mkono wa mtu hauna.

Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na sisi tunaokula bukari ya unga wa ng'ambo tulikumbushwa kwamba mahindi ya kutegemea ni yale ya hapa. Yanalimwa na trekta chache, zinazopita kutoka shamba moja hadi jingine. Moja ikisimama, familia nyingi zinasimama nayo.

Mwenye trekta, nenda leo ukaiangalie kardani yako kabla mvua hazijakolea. Na wewe unayeitwa kazini kesho, uliza kwanza: kifuniko kiko wapi?

Kutoka Luano, ni mimi mwandishi wenu.