Mita Saba na Kuta Mbili

Kompyuta yangu ni ya mezani, lile sanduku jeusi la bati, na niliinunua ikiwa imeshatumiwa na watu wawili kabla yangu. Feni yake ina mlio. Mchana mlio huo ulipotea katika kelele za bodaboda na majirani, lakini usiku ulijaa nyumba nzima kama mashine ya kusaga nafaka iliyo mtaa wa pili. Sikuwahi kuujali hadi baba alipopatwa na kiharusi akahamishiwa chumbani kwangu.

Katika nyumba yetu ya Mukono, chumba changu ndicho pekee chenye mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, tena kiko karibu na choo. Hapakuwa na mjadala. Baba alichukua kitanda, mimi nikatandika godoro sakafuni kando yake, kwa sababu usiku ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Dada yangu alimtunza mchana kutwa, naye alihitaji kulala. Tasnifu yangu ya mwaka wa tatu ilikuwa imebakiza wiki kumi na moja.

Nilijaribu kuandika humo humo chumbani. Feni ilimkosesha usingizi, na UPS, ile betri ya akiba, ilimtesa zaidi: kila umeme ulipokatika ilipiga king'ora, baba akashtuka, mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukashika shuka kwa nguvu. Siku ya tatu dada alisimama mlangoni akasema, “Mdogo wangu, hicho chombo kitoke humu. Ama kitoke, ama utoke nacho.” Kutoka nacho kulikuwa na maana ya kumwacha mzee peke yake gizani. Basi kilitoka chenyewe. Nilikipeleka stoo, mwisho wa ujia, pamoja na UPS yake, nikaacha skrini tu juu ya meza ndogo karibu na kitanda. Nilinunua kebo ya HDMI ya mita 10, nikaipitisha katika matundu ya hewa yaliyo juu ya milango. Picha ikafika safi, nikajiona mhandisi.

Kibodi, kipanya na hedifoni zangu zilikuwa za Bluetooth. Nilipima kwa futi ya fundi seremala kutoka stoo hadi mezani: mita saba. Boksi la kile kidude cha Bluetooth nilichokuwa nimechomeka nyuma ya kompyuta liliandikwa mita 10. Kwa hesabu ya darasa la nne nilikuwa na mita tatu za ziada.

Usiku ule niliandika neno “wavuvi” na skrini ikaniandikia “wavvvvvvvvvuvi”. Nikafuta. Nikaandika tena, ikatoka “wavi”. Kipanya kiliruka kama panzi. Baadaye nilielewa kwa nini herufi zilijirudia: kibodi hutuma taarifa unapobonyeza herufi, kisha hutuma nyingine unapoinua kidole. Taarifa ya kwanza ikifika na ya pili ikichelewa njiani, kompyuta huamini kwamba kidole bado kiko chini, nayo huendelea kuandika kwa utii wote.

Kibodi ningeweza kuvumilia. Hedifoni ndizo zilizonikosesha raha. Nilikuwa na saa kumi na nne za mahojiano niliyorekodi katika mwalo wa Katosi, kwenye Ziwa Viktoria, kuhusu Kiswahili wanachotumia wachuuzi wa samaki na wafanyakazi wa mitumbwi. Ilibidi niyanukuu neno kwa neno. Mzee mmoja ananieleza jinsi bei ya mukene inavyopangwa alfajiri, anafika kwenye kitenzi, kitenzi kile kile ninachokitafuta, sauti inakatika. Narudisha nyuma, inakatika mahali pengine. Kwa usiku mzima nilinukuu dakika nne.

Mtu atauliza kwa nini nisitumie spika. Jibu la kwanza ni kwamba palikuwa na mgonjwa amelala. La pili ni gumu kidogo kulisema mbele ya walimu wangu wa Kiswahili. Baba hakukipenda Kiswahili. Jeshi lilipochukua serikali mwaka 1971 yeye alikuwa na miaka kumi na tatu, na kwa miaka minane iliyofuata Kiswahili alichokisikia kilikuwa kile cha vizuizi vya barabarani: simama, shuka, lete kitambulisho. Kwa Waganda wengi wa rika lake lugha hii ilivaa magwanda. Nilipomwambia nimechaguliwa kusoma Kiswahili chuo kikuu, na kwamba nilikuwa nimekiomba mwenyewe, alikaa siku mbili bila kunisemesha. Mwezi wa Julai 2022, redio ilipotangaza kwamba Baraza la Mawaziri limeidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, alinyoosha mkono akaizima. Sasa alikuwa amelala hapo, hawezi kuzima chochote. Niliona si adabu kumjazia chumba sauti asizozitaka wakati hana namna ya kutoka.

Kwa hiyo hedifoni zilikuwa lazima, na ilibidi nijue tatizo liko wapi.

Zile mita 10 za kwenye boksi hupimwa mahali peupe, pasipo na kitu katikati. Bluetooth husafiri kwa masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi ya namna hiyo hunyongea yanapopita katika tofali, maji na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Bati huyarudisha yalikotoka. Kati ya stoo na meza yangu palikuwa na kuta mbili za matofali ya kuchoma, mlango wa chuma wa stoo, friji ya dada, na sanduku lenyewe la kompyuta, kwa kuwa kidude kilikuwa nyuma yake, kimeelekea ukutani. Tena masafa hayo hayo hutumiwa na Wi-Fi ya kawaida. Bluetooth ya hedifoni hujaribu kukwepa msongamano huo kwa kurukaruka kati ya vijia 79, mara 1,600 kwa sekunde, na vijia vyenye kelele huviacha. Ni ufundi mkubwa, lakini ukiwa umeshazibwa na friji, kurukaruka hakukufikishi mbali.

Nilianza na yaliyo bure. Nilihamisha kidude kutoka nyuma hadi tundu la mbele, hali ikawa nafuu kidogo. Kisha nikagundua jambo ambalo nisingelidhania: nilipochomoa diski ya nje niliyohifadhia rekodi, kibodi ilitulia. Nikiichomeka, wazimu unarudi. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka unaoeleza kwamba vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kifaa kisichotumia waya kikiwa jirani hukosa kusikia. Diski yangu ilikuwa ya namna hiyo, sentimita mbili kutoka kwenye kidude. Nilikuwa nimemweka kipofu wa masikio kando ya ngoma.

Lakini nafuu haikuwa tiba, na rekodi zilikuwa ndani ya diski hiyo. Nikapanda taksi hadi Kampala. Katika duka moja muuzaji alinionyesha kidude chenye antena ndefu kama ya ruta. “Hiki kinafika mita mia, ssebo,” akaniambia. Hakunidanganya kabisa. Viko vifaa vya Bluetooth vya daraja la kwanza vinavyotoa nguvu hadi miliwati 100, hali vingi tunavyotumia ni vya daraja la pili, miliwati 2.5 tu. Nililipa shilingi 70,000, pesa ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kuchapisha na kujalidi tasnifu.

Hedifoni zilinufaika kiasi. Kibodi haikunufaika karibu hata kidogo, na hapo ndipo nilipoketi nikafikiri. Kidude kipya kilikuwa na sauti kubwa, lakini kibodi ilikuwa na sauti ile ile ndogo ya betri mbili nyembamba. Mawasiliano haya ni ya pande mbili. Hata hedifoni, ambazo tunadhani husikiliza tu, kila mara hujibu kwamba kipande hiki nimekipata, lete kingine. Jibu lisipofika, kompyuta hurudia kipande kile kile. Nilikuwa nimenunua kipaza sauti kwa ajili ya upande usiokuwa na shida. Niligeuka nikamtazama baba. Mimi nilikuwa nikimsemesha siku nzima, tena kwa sauti ya juu, kana kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa masikio. Yeye alikuwa akinisikia vizuri tangu siku ya kwanza.

Sijasema kwamba baba alikuwa fundi wa redio. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, kwenye kibanda chenye harufu ya lehemu iliyoyeyuka. Kiharusi kilimwachia maneno machache ambayo hakuyachagua mwenyewe: “maji” yalitoka, jina la dada lilitoka, jina langu halikutoka. Wiki ile yote alikuwa akinitazama nikiingia na kutoka na bisibisi mkononi. Asubuhi moja nilikiinua kile kidude chenye antena, nikamweleza kwa Kiganda, kama mteja anayeleta redio mbovu, kwamba kompyuta iko kule, mimi niko hapa, na sauti haifiki.

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye matundu ya hewa, pale ilipopita kebo ya picha, akasema, “Waya.”

Neno hilo tunalo katika Kiganda, na lipo katika Kiswahili pia, kwa hiyo sitajua alilisema kwa lugha gani.

Nilicheka kwa aibu, maana nilikumbuka. Nilipokuwa mdogo wateja walilalamika kwamba redio haikamati kituo ndani ya nyumba ya mabati, na wengi walikuja wakiwa tayari kununua redio kubwa zaidi. Baba hakuwauzia. Alikwenda nao nyumbani kwao, akafunga waya kwenye antena, akautoa dirishani, akaupandisha juu ya mfenesi. Aliwaambia redio haihami, kinachohama ni sikio lake. Kompyuta yangu nayo haikuwa na haja ya kuhama wala kupiga kelele zaidi. Kile kidude kilitakiwa kuondoka stoo na kuja chumbani, nyuma yake kukiwa na kebo ya USB.

Hapo pia nilikosea mara moja. Nilinunua kebo mbili za kurefusha za bei nafuu, ya mita tano na ya mita tatu, nikaziunganisha. Kompyuta ikaniambia kifaa hakitambuliki. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita tano; ikizidi, umeme unapungua na taarifa zinachelewa kurudi. Kwa urefu wa kuzunguka kuta na kupanda hadi kwenye matundu nilihitaji mita tisa na zaidi. Ziko kebo za mita 10 zenye saketi ndogo mwishoni inayopokea taarifa na kuzitia nguvu upya. Bei ilikuwa shilingi 55,000. Dada alinikopesha bila kuniuliza kitu, jambo ambalo kwake ni nadra.

Nilikining'iniza kidude kwenye msumari juu ya kitanda, mbali na ile diski, mita moja na nusu kutoka kwenye kibodi. Nikaandika “wavuvi”, ikatoka “wavuvi”. Nikaandika ukurasa mzima bila kutazama skrini, kwa kiburi tu.

Mwenzangu mmoja wa darasani aliniuliza swali la haki: kama waya umeshafika chumbani, kwa nini nisichomeke kibodi yenyewe, nikaachana na Bluetooth kabisa? Ni kwa sababu sikukaa mezani. Nusu ya tasnifu niliiandika nikiwa nimeegemea ubavu wa kitanda, kibodi mapajani, na mara kwa mara ilibidi niiache hapo na kuinuka ghafla. Waya ungemfunga mguu mtu wa kwanza aliyeingia na beseni gizani.

Wiki ya nne baada ya hapo, yapata saa nane usiku, betri ya hedifoni iliisha. Sikuwa nimejua kwamba zikikatika, kompyuta huhamishia sauti kwenye spika za skrini. Yule mzee wa Katosi aliingia chumbani mzimamzima, kwa sauti yake ya mkwaruzo, akieleza kwa Kiswahili chake jinsi tajiri wa mtumbwi alivyowapunja mwaka ambao samaki walikuwa wengi. Nilirukia kipanya, kikaniponyoka kikaanguka chini ya kitanda.

Baba alikuwa macho. Aliinua mkono, nikadhani anataka nizime, nikaifikia kamba ya skrini niichomoe. Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ule ulikuwa bado na nguvu ya kufungua skrubu zilizoshika kutu. Nikakaa kitako sakafuni. Tulimsikiliza mzee wa Katosi hadi akamaliza habari ya tajiri, habari ya nyavu, na habari ya mke wake aliyemkataza kurudi ziwani.

Baba akaniachia. Nikatazama saa, nikakuta muda wa kumgeuza umepita kwa dakika ishirini. Nikamgeuzia ubavu wa kulia, nikaweka mto mgongoni kwake, nikaenda kutafuta chaja.