Mbegu za Mahindi Darasani

Sisi waalimu hupenda kusema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja.

Elimu bila malipo ilipoanza Tanzania mwaka 2016, darasa letu la kwanza hapa Ugogoni lilijaa hata mlangoni. Mtoto mmoja hakujibu neno siku nyingi. Tukamwita mzito wa akili, tukamketisha nyuma. Kumbe kwao walisema Kigogo tu, na maneno yetu yalimpita kama upepo. Siku moja, saa ya mapumziko, tulimwona akiwagawia wenziwe mbegu za mahindi, nne nne, pasipo kukosa hata moja, akihesabu kwa lugha ya mamaye. Tukaona haya.

Tangu siku ile twaanza hesabu kwa mbegu na kokoto mkononi, ndipo tarakimu ubaoni. Na neno la nyumbani huwa daraja la kufikia neno la shule. Kabla ya mwaka kwisha, mtoto yule alihesabu mbele ya wote kwa Kiswahili.

Basi, waalimu wenzetu, kabla ya kumwita mtoto mjinga, yafaa tujiulize kwanza: je, sisi tumekwisha kumjua?