Sanduku la santuri la Litembo

Wadau, leo tuache siasa kidogo, tuongee muziki. Tena muziki wa santuri, ule wa miaka ya 70. Najua kuna watakaosema, huyu kijana alizaliwa lini hata aongelee mambo hayo? Kweli sikuwepo. Lakini kazi ya mwandishi si ndiyo hiyo, kuwauliza waliokuwepo kabla hawajaondoka?

Nianze na mtu mnayemjua wote, Freddie Mercury. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja, Septemba 5, 1946. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Alifika kule akakuta vijana wako mbioni kubadilisha muziki, na haikuchukua miaka mingi ikaingia ile roki ya kumeremeta waliyoiita glam. Mwaka 1971 Marc Bolan wa T. Rex alitokea kwenye televisheni kapaka vitu vya kung'aa chini ya macho, na wimbo wake wa Hot Love ukakaa namba moja wiki sita. Mwaka uliofuata akaja David Bowie na nywele zake nyekundu. Freddie mwenyewe alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba pale Kensington, yeye na mwenzake Roger Taylor. Hivyo wakati bendi yao ya Queen inapata wimbo wa kwanza kupendwa, mwaka 1974, nguo za kupandia jukwaani hazikuwa shida kwake!

Kinachonivutia mimi zaidi, kwa sababu ya kazi yangu, ni magazeti. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na magazeti ya muziki yanayotoka kila wiki: Melody Maker, New Musical Express, Sounds, Record Mirror. Santuri ikitoka Ijumaa, baada ya siku chache kuna mtu kashaisikiliza, kaandika nzuri au mbaya, na kaweka jina lake chini. Queen walitukanwa sana na waandishi hao. Lakini hata matusi yana faida yake, jamani. Leo ukitaka kujua wimbo fulani ulitoka lini, nani alipiga gitaa, watu waliupokeaje, unafungua gazeti unasoma.

Sasa turudi nyumbani. Miaka hiyo hiyo na sisi tulikuwa na santuri zetu ndogo, upande wa kwanza na wa pili. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz na Msondo wao, Western Jazz na Saboso, Afro 70 ya Patrick Balisidya na Afrosa, Safari Trippers ya Marijani Rajab na Sokomoko. Kila bendi na mtindo wake, na kila mtindo na mashabiki wasiotaka kusikia la mwingine. Bara tulikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi kwenye studio yake na kuzitunza kanda. Santuri zenyewe kwa sehemu kubwa zilichapwa Nairobi, maana sisi hatukuwa na kiwanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa Februari 1977, njia hiyo nayo ikawa ngumu.

Na magazeti yetu je? Yaliandika sana habari za vijana, tena kwa ukali. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua, kuanzia Januari 1969. Barua za wasomaji zilimiminika, wengine wakiunga mkono, wengine wakipinga. Mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Kwa hiyo ukitafuta habari za sketi utazipata kwa wingi. Ukitafuta nani alipiga solo kwenye santuri fulani, utachoka.

Hapa ndipo naingia Litembo, huku kwetu Umatengoni. Babu yangu mdogo ana sanduku la mbao lenye santuri 41. Alizinunua kwa hela za kahawa, nyingine Songea, nyingine aliletewa na ndugu waliokuwa wanafanya kazi Dar. Chenja yake ilikuwa ya mawe, na siku ya harusi ilibebwa kichwani kupanda na kushuka vilima hivi, mbele ya bibi harusi kabisa! Mwenyewe alivaa bugaluu na raizoni kwenye utelezi wa Litembo. Nilimuuliza kama wazee hawakuwasema. Akacheka.

"Wazee waseme nini, mjukuu wangu? Wao kwenye mganda walivaa nini?"

Akanifunga mdomo. Maana kweli, mganda wa huku na wa ziwani ni ngoma ya watu waliopendeza: kaptula nyeupe, soksi ndefu, wamepangana mstari kama gwaride, na ngoma kubwa inawaongoza. Mtu wa hapa hakusubiri Bolan amfundishe kwamba muziki unavaliwa.

Sasa shida yenyewe. Mwaka jana alikuja kijana mmoja kutoka mjini, ananunua santuri za zamani kwa niaba ya watu wa nje. Siku hizi kuna wapenzi wengi wa muziki wetu huko Ulaya, na si jambo baya. Albamu ya Sunburst, vijana wa Dar waliochanganya roki na ngoma za kwetu, ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, na mwaka 2016 ikatolewa upya na kampuni ya Strut ya London. Bila hao wapenzi wengi wetu tusingeisikia. Basi yule kijana alitaja bei ya sanduku zima. Nyumba ikagawanyika. Shangazi anasema ziuzwe, mjukuu aende sekondari. Baba anasema ni aibu kuuza ujana wa mtu angali hai.

Mimi nilienda na daftari. Nilichokuta kwenye lebo za santuri zile ni jina la bendi, jina la wimbo, namba, na "sehemu ya 1" au "sehemu ya 2", kwa sababu wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, ikabidi magitaa yamalizie nyuma. Mwaka hakuna. Mpiga ngoma hakuna. Nikatoa moja iliyochubuka lebo, nikauliza, hii babu ni ya lini? Akafikiri. "Hii niliinunua tukiwa bado tunauzia ushirika." Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kwa hiyo santuri ni ya kabla ya hapo. Nyingine akasema waliipiga usiku ule redio ilipotangaza kwamba Mbaraka kafa kwa ajali ya gari Mombasa. Hiyo ni Januari 1979. Nyingine ilipigwa kwenye harusi ya shangazi huyo huyo anayetaka ziuzwe! Nilipomsomea, alinyamaza, halafu akasema usiandike mwaka wa harusi, watu watahesabu umri wangu. Siuandiki.

Mnaona lakini? Kule Uingereza habari hizi ziko gazetini, hapa ziko kichwani mwa mzee mmoja ambaye mkono unatetemeka akishika sindano ya chenja. Mnunuzi akichukua sanduku, atachukua sauti. Hatachukua ushirika, harusi wala usiku wa Januari, kwa sababu havikuandikwa kwenye lebo.

Nikamuuliza babu mwenyewe anatakaje. Msimamo wake ulinishangaza. "Uzeni," akasema. "Chenja imekufa, mimi sizisikii tena. Mtoto asome. Ila yule kijana asubiri nimalize kukusimulia."

Basi ndivyo tulivyokubaliana. Kijana wa mjini kaambiwa asubiri mpaka baada ya msimu wa kahawa, na ada ya muhula wa kwanza baba kaitoa yeye. Kila nikipata likizo napanda Litembo na daftari. Tumeshamaliza santuri 17, zimebaki 24. Jioni tunakaa jikoni kwa sababu ya baridi, yeye anaishika santuri, anaigeuza, anaanza kuimba utangulizi wa gitaa kwa mdomo, halafu ndiyo mwaka unamjia. Ukimkatisha anasahau, kwa hiyo nimejifunza kunyamaza.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna sanduku kama hili, usisubiri mtu aje na bei. Nenda na daftari kwanza.

Wiki ijayo nikijaliwa nawaletea habari za barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay. Jumapili njema.