Kumbeba Aliye Hai

Katika madrasa zetu twawafunza vijana namna ya kumwosha maiti, kumkafini na kulibeba jeneza kwa upole na heshima. Lakini kumbeba aliye hai, akiwa ameumia, hatukuwafunza. Nalijua hilo kwa uchungu.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mkwezi mmoja aliteleza juu ya mnazi nyuma ya msikiti wetu. Tulimkimbilia sote. Mimi nilimshika makwapani, wengine miguu. Tukamketisha, tukamnywesha maji, kisha tukamkunja ndani ya tuktuk na kumhimiza dereva apige mbio. Kule hospitali daktari hakutulaumu. Aliuliza tu: "Mlimbebaje?" Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Mpaka leo ndugu yetu hatembei, wala hakuna ajuaye kama ni mnazi uliomlemaza au ni mikono yetu.

Nikakumbuka hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, ya mtu aliyejeruhiwa kichwani kwa jiwe safarini. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafariki. Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali kwa kutouliza wasilolijua.

Basi nilimwomba muuguzi mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, aje awafunze watoto, wavulana siku yao na wasichana siku yao. Neno lake la kwanza liliwashangaza: msimbebe. Maadamu majeruhi anapumua, na hapana moto, maji, magari wala ukuta unaotaka kuporomoka, mwacheni alivyolala. Mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike. Mfunikeni nguo, msimpe chakula wala kinywaji, na mwite ambulensi. Ikibidi kumgeuza, kama vile anapotapika, wawe wanne: mmoja kichwani, watatu ubavuni, na mwili wote ugeuke kwa pamoja kama gogo, shingo isipindike. Pasipo na machela, na kuondoka hakuna budi, ubao mpana au mlango uliong'olewa hufaa.

"Wa kichwani ndiye imamu," nikawaambia wavulana. "Maamuma hamtangulii." Wakafahamu papo hapo.

Siku ya wasichana nilikaa barazani, nikamsikia binti wa miaka 12 akiwaamuru wenzake kwa sauti thabiti: "Moja, mbili, tatu, geuzeni!" Mama zangu na dada zangu, mtoto akianguka ngazini au darini, nyinyi ndio mnaomfikia mwanzo. Huruma itawasukuma kumnyanyua. Izuieni mikono kwanza, mtazame, ndipo mtende.

Mkwezi wetu naye alikuja siku ile, juu ya kiti chake cha magurudumu. Mwisho wa somo akaniambia, "Sheikh, sasa hata nikianguka tena sina wasiwasi." Watu wakacheka. Mimi niliinamisha uso.

Allah amponye, atusamehe tulilolitenda kwa kutojua, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.